Nyumba ya hifadhi ikija Mazizini, Mbweni au Kilimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inaposikika kwamba nyumba ya kulaza watu wasio na makaazi inatafutwa upande wa Mazizini, Mbweni, Migombani au Kilimani, mitaa yenye uwezo ya mjini Unguja, simu ya sheha, kiongozi wa shehia, huanza kuita kabla mkataba haujasainiwa. Majibu haya ni kwa wenyeji wa mitaa hiyo wanaotaka kujua wanaletewa nini, na kwa jumuiya zinazotaka kufungua nyumba bila ya kuwakosea majirani. Msimamo wetu hatuufichi. Nyumba ndogo, iliyo karibu na huduma na yenye mlango wazi mchana kutwa, inaweza kukaa mtaa wowote wa Unguja. Nyumba kubwa inayofunguliwa usiku tu isiwekwe popote, si kwa tajiri wala kwa maskini.

Nani hasa atalala humo?

Wengi wanamfikiria kijana anayezurura na gunia begani. Wanaobisha hodi ni wa namna nyingi zaidi: mama aliyepewa talaka na kutolewa nyumbani na watoto wawili kabla shauri lake halijasikilizwa kwa Kadhi, mzee aliyepanga chumba Mji Mkongwe na dari likaporomoka, kibarua wa bandarini Malindi anayepata pesa ya kula lakini hawezi kutoa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kijana aliyemaliza muda wake soba (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya) na aila yake bado haijawa tayari kumpokea, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu na hakuna aliyekuja kumchukua.

Watu hawa hawalazwi pamoja. Nyumba inayozungumzwa hapa ni ya watu wazima wanaojiweza, wa jinsia moja, au ya akina mama na watoto wao. Mtoto wa chini ya miaka 18 aliye peke yake hapokelewi. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, huyo ni dhamana ya Ustawi wa Jamii, na msimamizi anatakiwa awapigie simu usiku ule ule, asingoje kuche. Anayehitaji kulazwa hospitali apelekwe hospitali. Msimamizi anayemkubali kila mtu kwa huruma huiharibu nyumba ndani ya mwezi mmoja, na wanaoumia mwanzo ni wale wanyonge waliomo ndani.

Kwani Serikali haina nyumba tayari?

Inazo. Wazee wana nyumba za Welezo na Sebleni, na watoto wana nyumba ya kulelea Mazizini. Hiyo ya Mazizini iangaliwe vizuri, kwa sababu ni ushahidi kwamba makaazi ya watu wanaohitaji kutunzwa yanaweza kuwa katikati ya mtaa wa wenye uwezo na maisha yakaendelea. Vijana wanaotoka kwenye dawa za kulevya wana nyumba za soba, nyingi zikiwa nyumba za kupanga mitaani, pamoja na kituo cha Kidimni, Wilaya ya Kati.

Anayekosa pa kwenda ni mtu mzima wa miaka 25 au 50, asiye mzee wa kupelekwa Welezo, asiye mgonjwa wa kulazwa, na aliyekosa paa wiki hii. Pengo ni hapo.

Kwa nini wasipelekwe shamba? Ardhi huko ni nyingi na rahisi.

Hili ndilo swali kubwa, na linastahili jibu refu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Vibarua, hospitali, mahkama na ofisi zimefuata watu. Asiye na makaazi anaishi kwa kazi ya siku: kupakua mizigo bandarini, kuosha vyombo kwa wauza vyakula wa Forodhani, kubeba magunia sokoni, kuchanganya zege. Nyingi ya kazi hizo hugawiwa alfajiri, na anayefika saa 2 asubuhi anakuta zimekwisha. Ukimlaza mwendo wa saa nzima kutoka mjini umemnyima kazi, na asiye na kazi hatoki hifadhini.

La pili ni matibabu. Huduma ya methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Haipewi mtu akaenda nayo kwa mwezi. Aliyelazwa shamba anahitaji nauli ya kwenda na kurudi siku saba za wiki. Akikosa nauli siku tatu, arosto (maumivu ya kukosa dawa) inamrudisha kijiweni. Mgonjwa wa kifua kikuu naye ana mahudhurio yake, na mwenye shauri mahkamani akichelewa anapoitwa, shauri linaahirishwa.

La tatu ni maji ya mvua. Viwanja rahisi karibu na mji mara nyingi ni rahisi kwa sababu masika hugeuka ziwa. Kumtoa mtu barazani ukamlaza bondeni hakujamsaidia.

Na liko jambo la zamani. Mji huu ulishawahi kukatwa kwa mstari: hori lilikuwa katikati, Mji Mkongwe upande huu na Ng'ambo upande ule, na watawala wa kikoloni wakaweka masharti ya ujenzi tofauti kwa kila upande. Hori likafukiwa, leo tunapita juu yake kwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Mstari mwingine usichorwe.

Sawa, lakini kwa nini mitaa yenye uwezo? Si kuna Jang'ombe, Amani, Kwahani?

Mitaa hiyo inabeba tayari. Ukipita kwenye nyumba za kawaida za Ng'ambo utamkuta binamu anayelala ukumbini, shemeji anayelala jikoni, na mtoto wa jirani aliyehamia tu. Huko ndiko hifadhi ya mji huu ilipo, ila haina kibao. Mtaa wa Mazizini au Mbweni una vitu ambavyo nyumba ya hifadhi inavihitaji: viwanja vyenye nafasi ya karo (shimo la maji machafu) na tangi la maji, njia inayoingia gari la kunyonya maji machafu, taa za barabarani, na daladala za 505 za Uwanja wa Ndege zinazopita barabara kuu ya karibu. Kodi ni kubwa zaidi, hilo kweli. Lakini pesa unayoiokoa kwenye kodi ya bondeni utailipa kwenye nauli, kwenye karo na kwenye watu walioacha kuja.

Watalala wangapi?

Wasizidi 20. Zaidi ya hapo msimamizi hawajui tena wakaazi wake kwa majina.

Kipimo cha chini kinachotumiwa duniani katika hifadhi za dharura, kile cha Sphere, mwongozo wa misaada ya kibinadamu, ni mita za mraba 3.5 kwa mtu. Hicho ni cha maafa. Kwa nyumba ya kukaa wiki na miezi pangeni mita 5. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinachukua watu wanne. Wafadhili watataka muweke vitanda vya juu na chini mfikishe wanane, kataeni. Joto la Februari katika chumba cha watu wanane wenye feni moja ndilo linalowatoa watu nje usiku wa manane, wakakaa kwenye baraza ya jirani, na malalamiko yakaanza.

Baina ya kitanda na kitanda acheni sentimita 80. Kila mtu apate sanduku la chuma au kabati dogo la kufunga kwa kufuli. Mnunuzi wa vifaa hulisahau hili kila mara. Mtu asiye na pa kufungia kitambulisho, dawa na viatu vyake analala nusu macho, na asubuhi anatuhumu mwenzake. Ugomvi mwingi wa dakhalia huanzia kwenye kandambili iliyopotea.

Maji na karo: mtaa wetu utanuka?

Utanuka, kama jumuiya imepanga nyumba ya aila ya watu sita ikaingiza 20 bila ya kugusa karo. Hii ndiyo sababu nambari moja ya majirani kugeuka kuwa maadui, na wanakuwa na haki.

Hesabu yake ni hii. Watu 20 kwa lita 60 kila mmoja kwa siku ni lita 1,200. Tangi la lita 5,000 litawavusha siku nne maji ya mfereji yakikatika. Chini ya hapo watakwenda kuomba kwa majirani na ndoo, na ukarimu wa jirani una mwisho. Maji hayo yote yanatoka tena yakiwa machafu. Karo liwe la vyumba viwili, jumla isipungue mita za ujazo 4, chumba cha kwanza kikichukua thuluthi mbili, kisha shimo la kunyonyea lililo angalau mita 30 kutoka kisima chochote. Sehemu zenye mawe ya matumbawe ongezeni umbali, maana maji hupenya kwenye nyufa za mawe bila ya kuchujwa na mchanga.

Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa mafuta, inayochotwa kila wiki. Mafuta ya kukaangia yakiingia karoni hugandana juu na kuziba bomba la kutokea. Tatizo halionekani kiangazi. Linaonekana Aprili, ardhi ikishashiba mvua na shimo likakataa kunywa: mfuniko unanyanyuka na maji yanatambaa hadi njiani. Kwa hiyo gari la kunyonya liitwe Februari, kabla ya masika, hata kama karo halijajaa.

Choo kimoja kwa watu 8, bafu moja kwa watu 8. Kwa wanawake ongezeni choo kimoja, na ndoo yenye mfuniko kwa taulo za hedhi.

Wizi utaongezeka?

Jibu la kweli lina pande mbili. Utafiti uliofanywa Vancouver, Kanada, na kuchapishwa 2018, uliziangalia hifadhi za dharura zinazofunguliwa majira ya baridi. Uliona uhalifu wa mali umepanda kwa asilimia 56 ndani ya mita 100 kutoka hifadhi, na athari ikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Anayewaambia majirani kwamba hofu yao haina msingi kabisa hasemi kweli.

Ila angalieni hizo zilikuwa hifadhi za namna gani: za dharura na za msimu. Nyumba inayowatoa watu saa 12 asubuhi na kuwafungia geti hadi jioni inawatawanya mtaani saa kumi na mbili nzima, hawana pa kukaa, pa kujisaidia wala pa kuweka mzigo. Mtu huyo lazima akae mahali, na mahali pa karibu ni baraza yako. Ndiyo maana tunashikilia kwamba geti liwe wazi mchana, kuwe na kivuli na mabenchi ndani ya ukuta, na choo kisifungwe. Baraza ya ndani ni kifaa cha usalama kama ilivyo taa ya nje.

Zaidi ya hapo: mlinzi mmoja wa usiku aliye macho, taa mbili za nje zinazomulika njia bila ya kumulika dirisha la jirani, na daftari la kutoka na kuingia.

Na thamani ya nyumba yangu?

Kituo cha Furman cha Chuo Kikuu cha New York kilitoa utafiti mwaka 2008 juu ya nyumba za kusaidia watu waliokosa makaazi katika jiji hilo, na hakikuona bei za nyumba za jirani zikishuka baada ya kufunguliwa. New York siyo Unguja. Huku kwetu ardhi ni mali ya Serikali, unachomiliki ni haki ya matumizi na jengo lililo juu yake, na bei za Mbweni zinavutwa zaidi na wageni, barabara na bahari. Kitakachomkimbiza mnunuzi ni karo lililofurika na rundo la taka getini, na hayo yana dawa.

Iko karibu na skuli. Watoto wetu je?

Nyumba ya akina mama na watoto inafaa kuwa karibu na skuli. Ndiyo raha yake. Nyumba ya wanaume chagueni isiyotazamana na geti la skuli au madrasa, si kwa kuwa wanaume hao ni wabaya, bali kwa sababu mzazi aliyeingiwa na shaka hapati utulivu, na mkaazi anayetazamwa kila asubuhi kama mwizi hapati pia. Njia mbili tofauti za kupita zinatosha.

Hatua za kupata ruhusa ni zipi?

Huanza kwa sheha. Barua ya kujitambulisha, nakala ya usajili wa jumuiya kutoka kwa Mrajis, na maelezo ya ukurasa mmoja: watu wangapi, jinsia gani, nani msimamizi, simu gani inayopokewa usiku. Sheha ana baraza lake la ushauri; ombeni muitwe mbele yake, msitume barua tu.

Kisha hati za nyumba. Mkataba wa kupanga usiwe wa mwaka mmoja. Mmeshatia tangi, karo na vyoo vitatu, na mwenye nyumba anapandisha kodi kwa sababu ya maboresho mliyoyafanya wenyewe. Ombeni miaka mitano, na kifungu kinachosema gharama za ujenzi zinakatwa kwenye kodi.

Baada ya hapo kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo kutoka nyumba ya aila, kwa mamlaka ya mipango miji na baraza la manispaa la eneo husika: Mjini, Magharibi A au Magharibi B. Ikiwa nyumba imo Mji Mkongwe, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe nayo lazima iridhie, na hapo hata kutoboa dirisha la bafu ni shughuli, kwa kuwa eneo limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Ustawi wa Jamii wajulishwe tangu mwanzo. Wao ndio watakaowaletea watu na ndio watakaopokea wanaowashinda.

Kosa la kawaida ni kupanga nyumba kwanza, kuingiza vitanda usiku, kisha kutafuta vibali. Vitanda 20 vikishushwa kwenye lori, mtaa mzima umeshajua.

Nyumba ya wakfu inaweza kutumika? Na zaka?

Wakfu ni njia nzuri, na mji huu una nyumba nyingi za wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Lakini someni hati. Kanuni ya mafakihi ni kwamba sharti la aliyeweka wakfu lina nguvu kama nassi, yaani maandiko ya dini. Nyumba iliyowekwa kwa ajili ya mafakiri au wapita njia inaingia moja kwa moja. Iliyowekwa kwa dhuria (kizazi) wa mtu haiguswi maadamu dhuria wapo, hata ikiwa tupu.

Zaka ina mafungu manane katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na fakiri, maskini na mpita njia wamo. Wanavyuoni wengi wanasema zaka imilikishwe mtu mwenyewe, kwa hiyo msiijengee ukuta wala karo kabla ya kuuliza Ofisi ya Mufti. Itumieni kumlipia mkaazi kodi ya chumba chake cha kwanza anapotoka, na jengo liende kwa sadaka na wakfu. Wekeni madaftari mawili, fedha zisichanganyike hata siku moja.

Tuwaambie majirani lini na vipi?

Kabla ya kulipa kodi ya kwanza. Na msianze na mkutano mkubwa. Mkutano wa watu mia humpa nafasi mwenye sauti kubwa, na aliyekuja na swali la kweli anarudi nalo nyumbani. Nendeni nyumba kwa nyumba kwenye nyumba zote zilizo ndani ya mita 100, baada ya Alasiri, watu wawili, mwanamke mmoja awemo, maana mwenye nyumba mchana mara nyingi ni bibi. Bisheni hodi, salimieni, kaeni mkikaribishwa, onyesheni mchoro wa nyumba: geti hapa, karo hapa, taa hapa. Andikeni hofu ya kila nyumba kwa maneno yake.

Halafu mikutano midogo ya watu 20 hadi 30 kwa sheha. Msitangaze mara ya kwanza msikitini baada ya Ijumaa. Pale watu hawana nafasi ya kuuliza, na aliye na pingamizi anaonekana anapinga kheri. Atanyamaza pale na kupinga kwengine.

Marekani wana somo hapa. New York mwaka 2018 jiji lilitangaza kuifanya iliyokuwa hoteli ya Park Savoy, katika eneo la matajiri kusini ya Central Park, kuwa hifadhi ya wanaume. Majirani wakaenda mahkamani, na ikafunguliwa Novemba 2021. San Francisco mwaka 2019 ilikumbana na upinzani mkali kama huo juu ya hifadhi kwenye ufukwe wa Embarcadero, na kesi ikafunguliwa. Jiji likapunguza muda wa mwanzo wa hifadhi kuwepo pale, likaahidi doria za polisi, na likakubali kuanza na vitanda 130 kabla ya kufika 200. Ilifunguliwa Desemba mwaka ule ule. Kuanza na wachache ni ahadi ambayo jirani anaweza kuihesabu kwa macho yake. Nyumba ya 20 ianze na 8.

Mkataba wa ujirani unaandikwa nini?

Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, usainiwe na jumuiya, sheha na wawakilishi watatu wa majirani. Yawemo haya: idadi ya juu ya wakaazi, saa za geti, siku za kutoa taka, tarehe za kunyonya karo, namba ya simu moja inayopokewa saa 24, na tarehe ya mapitio, miezi mitatu baada ya kufungua, kisha kila miezi sita.

Kubwa kuliko yote ni daftari la malalamiko. Lina safu sita: tarehe, saa, lalamiko, aliyepokea, kilichofanywa, na saa jirani aliporudishiwa jibu. Safu ya sita ndiyo inayojenga imani. Jirani aliyelalamika juu ya redio saa 5 usiku akapigiwa asubuhi kuambiwa kwamba redio imechukuliwa, na nani amekanywa, mara ya pili atapiga simu kwenu. Asiyejibiwa atawapigia polisi, kisha waandishi.

Geti linafungwa saa ngapi?

Saa 4 usiku. Lakini msiwafungie wenye kazi. Mvuvi wa dagaa huenda baharini usiku wa kiza na kurudi alfajiri. Msaidizi wa Forodhani anamaliza usiku mwingi. Wapeni kadi ya kazi ya usiku, na mlinzi awe na orodha. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inageuka: geti saa 6 usiku, jiko lifanye kazi kwa futari na daku, na mlinzi wa ziada kwa saa ya tarawehe ambapo njia zimejaa watu.

Maradhi na kunguni?

Kila anayeingia aulizwe kama amekohoa wiki mbili au zaidi, ametokwa na jasho usiku au amepungua uzito. Akisema ndiyo, apelekwe kupimwa makohozi kesho yake, na usiku ule alale penye madirisha mawili yanayotazamana. Upele unatibiwa kwa wote wa chumba kwa siku moja. Ukimtibu mmoja, wenzake wanamrudishia.

Kwa ajili ya kunguni, nunueni vitanda vya chuma, visivyo na nyufa za mbao. Nguo za mgeni zitiwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufungwe vizuri na ulazwe kwenye saruji juani tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Joto ndani likipita nyuzi 50 linawaua pamoja na mayai yao. Mfuko usijazwe, nguo zilale nyembamba, la sivyo katikati haipati moto. Godoro lisiegemezwe ukuta wa jirani.

Hawa si ni wageni kutoka Bara na Pemba?

Wako wa Bara, wako wa Pemba, wako waliozaliwa Kikwajuni. Nyumba inarekodi jina, alikotoka na jamaa wa kupigiwa. Aliye na kwao na anataka kurudi anasaidiwa nauli ya boti, na mara nyingi hilo ndilo alilokuwa akilikosa. Kumchuja mtu kwa lafudhi yake mlangoni hatukubali, na mgeni kulazwa kwetu si jambo jipya.

Mtu anakaa muda gani, na anatokaje?

Siku 90, zinazoongezwa kwa sababu iliyoandikwa. Kazi ya siku hizo huanza na kitambulisho. Bila ya kitambulisho cha Mzanzibari hupati kazi rasmi, na mzee wa miaka 70 hapati pensheni jamii iliyoanza kulipwa Aprili 2016. Kitambulisho kinataka barua ya sheha, barua inataka mtu awe anakaa mahali, na anayelala nje hana sheha. Nyumba ya hifadhi inaikata duara hiyo siku ya kwanza, kwa kumpa anwani. Kwa hiyo msimamizi aandamane naye kwa sheha wiki ya kwanza, asingoje mtu azoee.

Mwezi wa pili ni kazi na akiba: sanduku la akiba la pamoja, daftari kwa kila mtu, anaweka alichonacho. Mwezi wa tatu ni chumba cha kupanga. Finland tangu 2008 imekuwa ikiyageuza madakhalia yake kuwa nyumba za kudumu za mtu mmoja mmoja, kwa kuona kwamba kitanda cha muda hakimmalizii mtu tatizo. Sisi hatujafika huko, lakini chumba cha kupanga kinabaki ndio mwisho wa safari.

Nikipinga, nifuate njia gani?

Mwandikie sheha, nakala kwa baraza la manispaa na mamlaka ya mipango, ndani ya muda waliotangaza kwenye ombi la kibali. Pingamizi lenye uzito linataja kitu: karo, njia ya gari, idadi, umbali wa kisima. "Hatuwataki watu hawa" halina uzito. Mgogoro wa matumizi ya ardhi una Mahkama ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Lakini kabla ya huko kaeni na jumuiya mara moja. Pingamizi la karo mara nyingi linamalizwa na fundi kwa siku nne.

Nataka kusaidia. Nilete biriani Ijumaa?

Piga simu Jumatano. Magari matatu yakisimama getini na masufuria Ijumaa hiyo hiyo, foleni inajitokeza njiani, watu wa mitaa mingine wanajua pa kuja, na chakula cha ziada kinaishia kwenye jaa. Jumatatu jiko ni tupu. Watu 20 kwa mlo mmoja wanahitaji kilo 3 za mchele. Mfuko wa kilo 25 ulioletwa Jumatatu unavusha milo minane. Usipige picha wakaazi wakipokea. Kibao kikubwa cha jina la mfadhili kisitundikwe nje. Nyumba iwe na namba tu kama nyumba nyingine za mtaa, na waliomo wapate stara yao.

Nguo zipo za kutosha. Vinavyokosekana mwaka mzima ni nguo za ndani mpya, kandambili namba 42 na 43, kufuli ndogo zenye funguo mbili, vyandarua, sabuni ya kufulia na kadi za simu.